Mtoto wa Katwe, Mtu wa Buzi

 Mwezi huu mhariri ameniomba niandike kwenye ukurasa wa familia. Jambo lililo moyoni mwangu ni swali ambalo watoto wetu wanaulizwa karibu kila siku, na wengi wao hawana jibu: wewe ni wa wapi?

Huku Katwe tunakoishi, mtu akikuuliza hivyo na wewe ukasema "mimi ni wa Katwe", anacheka. Anajua unakaa Katwe, amekukuta Katwe. Anataka kujua wewe ni wa wapi hasa. Mwenye nyumba wetu alizaliwa hapahapa mjini, akasoma hapa, karakana yake ya kuchomelea madirisha iko hapa, na watoto wake hawajui hata kushika jembe. Muulize yeye. Atakwambia bila kufikiri: mimi ni mtu wa Buddu. Na Buddu ni upande wa Masaka, zaidi ya kilomita mia moja kutoka hapa. Anakwenda Krismasi na kwenye misiba, basi.

Nilipoanza kusikiliza vizuri nikaona wote wako hivyo. Mama muuza ndizi wa kona ni wa Kyaggwe, kijana wa bodaboda ni wa Ssingo, fundi simu si Muganda lakini naye ana kwao, ni mtu wa Bushenyi. Ikikaribia Krismasi stendi za mabasi zinajaa, nauli inapanda, na kufika tarehe 24 Kampala inabaki tupu. Hapo ndipo mnaweza kuona wenyeji wa kweli wa jiji hili: ni sisi Wakongo, Wasomali wa Kisenyi na Waeritrea wa Kabalagala, tunatembea katikati ya barabara bila kugongwa. Mume wangu anasema hiyo ndiyo siku yake ya kuwa meya.

Krismasi tunacheka. Msiba hauchekeshi. Mwaka juzi alifariki jirani yetu, mzee wa Fizi, mtu mpole aliyekuwa akishona viatu. Majirani Waganda walikuja wote, wakachanga mabugo, wakina mama wakapika, na mwenyekiti wa LC1 akaja mwenyewe kusimamia. Akamuuliza mtoto wa marehemu, "Munampeleka wapi, ssebo?" Kijana akanyamaza. Akauliza tena, kwa huruma kabisa: "Lori tumeshapata, mtuambie kijiji tu." Kwao mtu anazikwa kwenye ardhi ya ukoo wake. Mjini mtu anakaa kufanya kazi, akifa anarudishwa nyumbani. Hakufikiria kama kuna mtu asiye na pa kurudishwa. Fizi haifikiki kwa lori la Katwe. Mwishowe Mkristo mmoja mwenye shamba nje ya mji, upande wa Wakiso, akatupa sehemu ya kumlaza. Kijana akaandika msalabani jina la baba yake, mwaka, na chini yake: Fizi, sekta ya Tanganyika. Kampala hakuitaja, ingawa mzee alikaa hapa miaka 19.

Sasa nieleze kidogo, maana kuna wasomaji waliofikia moja kwa moja kambini na habari za masaza hawazijui. Nchi ya Buganda ina masaza 18, na saza ndiyo wengine wanaita kaunti. Kila saza lina mkuu wake mwenye cheo cha tangu zamani: wa Buddu anaitwa Pokino, wa Kyaggwe ni Ssekiboobo, wa Ssingo ni Mukwenda, wa Kyadondo ni Kaggo. Chini ya saza kuna gombolola, kisha muluka, kisha kijiji. Serikali ya Uganda nayo ina ngazi zake zinazofanana na hizo, kuanzia wilaya mpaka kijiji, na Mganda akienda kuandikishwa kitambulisho cha taifa anaulizwa asili yake ni kijiji gani, kaunti gani, wilaya gani. Anakoishi wanauliza mbali.

Na Kampala je? Kampala ni mdogo wao wote kwa umri. Mwaka 1890 Kapteni Lugard alijenga boma juu ya kilima ambacho leo tunakiita Old Kampala, na mji ukakua kutoka pale, ukapanda vilima vya jirani. Mwaka 1949 ulipewa hadhi ya manispaa, na mwaka 1962, mwaka wa uhuru, ukawa jiji. Tangu 2011 unaendeshwa na KCCA na una divisheni tano: Central, Kawempe, Makindye, Nakawa na Rubaga. Katwe yetu iko Makindye. Lakini ardhi yenyewe chini ya lami ni ya saza la Kyadondo, na wazee wa Buganda hawajasahau. Divisheni ni ya kulipia kodi na kuondoa takataka. Sijawahi kumsikia mtu akiapa kwa jina la Makindye.

Mwaka 2020 serikali ilipandisha miji mingine kuwa majiji, kama Mbarara, Gulu, Jinja, Arua, Masaka, Mbale na Fort Portal. Mwenye nyumba wetu alifurahi Masaka kuwa jiji, akanunua soda. Nikamuuliza, sasa wewe ni mtu wa jiji la Masaka? Akanitazama kama nimemtukana. "Mimi ni wa Buddu, nnyabo."

Msidhani ni mambo ya maringo tu. Saza lilishawahi kutikisa nchi hii. Mkataba wa mwaka 1900 kati ya Waingereza na Buganda ulihesabu masaza 20, na kati ya hayo kulikuwa na Buyaga na Bugangaizi, ambayo Waganda waliyapata kutoka Bunyoro wakati wa vita wakisaidiwa na Waingereza. Miaka zaidi ya sitini Wanyoro walidai warudishiwe. Uhuru ulipokuja jambo hilo lilikuwa bado halijaisha, na tarehe 4 Novemba 1964 watu wa masaza yale mawili wakapigishwa kura: mnataka kubaki Buganda, kurudi Bunyoro, au kuwa wilaya yenu? Wakachagua kurudi Bunyoro. Wakati ule Kabaka wa Buganda, Mutesa wa Pili, ndiye alikuwa pia rais wa Uganda, kwa hiyo fikirieni mwenyewe maumivu yake. Ugomvi kati yake na waziri mkuu Obote ulizidi, na 1966 jeshi likavamia ikulu yake ya Mengo, akakimbilia Uingereza. Naye akafa mkimbizi huko London mwaka 1969, mwili wake ukarudishwa 1971 ukazikwa Kasubi. Hata mfalme alirudishwa kwao. Nyinyi mlioko Kyangwali hamko mbali sana na Buyaga, waulizeni wazee wa pale, watawasimulia kuliko mimi.

Nirudi kwa watoto. Kila mwaka kuna mashindano ya mpira ya masaza ya Buganda, Masaza Cup, yaliyoanza 2004. Vijana wa mtaa wetu mwaka mzima wanagombana juu ya KCCA, Villa na Express, timu za ligi. Ikifika Masaza Cup magomvi yanapangwa upya: wa Villa na wa Express unawakuta wamekaa benchi moja wanasikiliza redio moja, sababu wote ni wa Gomba. Binti yangu wa pili anapenda mpira kuliko kaka zake. Siku moja wakamuuliza, "Ggwe oli wa ssaza ki?" Wewe wa saza gani? Akajibu, "Kampala." Wakacheka, wakamwambia Kampala si saza. Akarudi nyumbani amenuna mpaka chakula hakutaka. Usiku akaniuliza, "Mama, siye saza yetu ni gani?"

Nikamwambia kwetu hakuna saza, kuna usultani. Kwetu ni jimbo la Kivu ya Kusini, teritware ya Kalehe, usultani wa Buhavu, gurupema ya Buzi, na humo ndimo iko Minova na kijiji chetu. Akahesabu kwa vidole. "Aah, kumbe ni sawasawa na saza, gombolola, muluka." Nikamwambia ndiyo. Kesho yake akaenda kuwaambia wenzake kwamba yeye ni wa Buhavu na kwamba wana mwami. Sijui kama walimwamini, lakini alirudi anatembea vizuri.

Kwa Kongo mambo yako hivi, kwa wale vijana waliokua huku. Jimbo linagawanyika njia mbili. Njia moja ni mji: mji una komini, komini ina karitie, karitie ina avenyu. Mtu wa Bukavu atakwambia ni wa Ibanda, Kadutu au Bagira. Wa Goma atasema komini ya Goma au ya Karisimbi. Njia ya pili ni teritware, na ndani yake usultani au sekta, halafu gurupema, halafu lokalite. Kwa macho yangu tofauti kubwa iko kwa anayeongoza. Bugumestri wa komini ni mtu wa kazi, leo yuko, kesho kawekwa mwingine, na hakuna anayelia. Mwami amerithi kwa baba yake, na wewe umerithi kuwa mtu wake hata kama hujamwona. Ukihama mji, umehama. Ukihama Buhavu, unabaki Muhavu aliye safarini.

Baba watoto hakubaliani nami hata kidogo, na sababu zake ni nzito, kwa hiyo niziandike. Yeye alizaliwa Goma, karitie ya Birere. Baba yake ndiye alitoka Masisi. "Miye niko mutoto ya Birere," anasema. "Gurupema ya baba sikuikanyaga hata siku moya. Unataka niiseme ya nini?" Halafu ananikumbusha Januari 2002, Nyiragongo ilipolipuka, moto ukashuka katikati ya mji, ukapita Birere, ukaingia ziwani. Watu wengi walivuka kwenda Gisenyi. Hazikupita siku nyingi wakaanza kurudi, mawe bado yana joto, wakasimamisha vibanda vya mbao juu ya mawe yaleyale. Yeye alikuwa mmoja wao. "Nani anarudia moto namna ile pahali hapako kwao?" Hapo huwa namwacha. Ni kweli kuna watu ambao mji umewazaa, na Goma ina wengi wa namna hiyo. Ubaya wa mji ni mmoja tu: ukiulizwa nani anakujua huko, unataja majirani, na majirani wa mjini wanatawanyika wote pamoja na wewe.

Sisi wa Minova tuna tatizo letu la pekee. Tukiulizwa, mdomo unasema Goma. Soko letu ni Goma, malori ya maharage yanakwenda Goma, mgonjwa akizidiwa anapelekwa Goma. Bukavu ni mbali. Lakini kwa makaratasi Minova haiko Kivu ya Kaskazini hata kidogo, iko Kalehe, Kivu ya Kusini. Zamani haikuwa na maana, Kivu ilikuwa moja. Mwaka 1988 ikakatwa mara tatu, Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema, na mpaka ukapita kati yetu na soko letu. Sasa mtu anakwenda kwenye mahojiano, anaulizwa ametoka wapi, anasema Goma, kisha anasimulia mambo ya Minova. Anayemhoji ana ramani mezani. Yeye anaona maneno mawili yanayopingana, wakati mwenzetu anaona ni neno moja. Namjua mama aliyerudishwa mara tatu kwa ajili hiyo, na hakudanganya hata neno moja.

Mimi nina sababu nyingine ya kushikilia majina haya. Novemba 2012 M23 walipoingia Goma, askari wa serikali walirudi nyuma mpaka Minova, na yaliyotokea siku zile wengi mnayajua, sitayaandika kwenye ukurasa wa familia. Tukakimbia, na njiani tukapotezana na mdogo wangu wa kiume. Tulipofika Uganda tukajaza karatasi ya Msalaba Mwekundu ya kutafuta ndugu. Mimi nilikuwa nalia tu. Shangazi yangu, mama asiyejua kusoma, ndiye aliyesimama mezani akaagiza kila kitu: teritware, usultani, gurupema, kijiji, jina la babu, jina la kapita wa kijiji, kanisa lililo karibu na kijito. Yule kijana aliyekuwa akiandika akaomba karatasi ya pili. Miezi saba baadaye jibu likaja. Barua ilifika kwa binamu kijijini, na binamu alijua mdogo wangu yuko kambi ya Mugunga. Kama tungeandika Goma peke yake, ingekuwa kumtafuta mtu kwa jina katika mji wenye mamia ya maelfu ya watu, nusu yao wamekimbia kutoka kwingine.

Wenzetu wa nchi nyingine nao wana mambo yao. Mnyarwanda aliyeondoka kabla ya 2006 anasema Butare, Ruhengeri, Kibungo. Mwaka ule mikoa ilipangwa upya, na leo wilaya zinaitwa Huye, Musanze, Ngoma. Mrundi wa Makamba au wa Cankuzo, asikilize: tangu 2025 Burundi haina tena mikoa 18, ina mitano, na Makamba imeingia Burunga, Cankuzo imeingia Buhumuza. Mkoa wako umefutwa ukiwa umelala Nakivale. Msiache jina la zamani, na la sasa mlijue, myaandike yote mawili. Wasudani Kusini wana jimbo, kaunti, payam na boma, na wengi wao huwa wanayataja yote bila kukosea. Kenya ndiyo wamefanya jambo la kuchekesha: tangu 2013 wana kaunti 47, kila moja na namba, na Mombasa na Nairobi ni jiji na kaunti kwa pamoja. Kijana wa Mombasa anajiita "wa 001" kama vile ni cheo. Angalau wao hawabishani nyumbani kama sisi.

Pale Nakivale nako nimeona kitu. Kuna kijiji kinaitwa New Congo, kuna New Buja, kuna Kigali. Wakimbizi walipopewa pori walilipa majina ya nchi na ya miji mikubwa. Sikuona kijiji kiitwacho Buzi wala Lulenge. Nafikiri ni kwa sababu jina la jiji ni la wote, mtu wa Cibitoke na wa Ruyigi wote wanaweza kukaa Buja bila kugombana. Jina la kwenu huwezi kumgawia jirani.

Na hapa ndipo wasiwasi wangu ulipo. Kwa sheria ya Uganda, mtoto aliyezaliwa hapa wazazi wake wakiwa wakimbizi hahesabiwi kuwa raia kwa kuzaliwa. Kitinda mimba wangu alizaliwa Kampala mwaka 2016. Anaongea Kiganda kuliko mimi, anajua kila kichochoro cha Katwe mpaka Nsambya, na makaratasi yanasema ni Mkongo. Mkongo wa wapi? Mji anaoujua haumwandiki, na kule anakoandikiwa hajawahi kupaona. Januari 2025 Minova ikachukuliwa na M23, kisha Goma, na Februari Bukavu, kwa hiyo hata ile safari ya kwenda kumwonyesha, tuliyokuwa tunaiwekea akiba, ikafa.

Tumenunua daftari la kurasa 96. Jumapili jioni, kama kuna salio, tunampigia bibi yao aliye bado huko, na watoto wanaandika anachosema. Bibi hana haraka na mambo ya teritware. Ukimuuliza gurupema anakwambia andika kwanza nani alimzaa babu. Anataja mashamba kwa majina, mti uliokuwa mpakani, ng'ombe mmoja aliyeuzwa kulipa mahari yangu. Binti anachora ramani pembeni. Baba watoto alikuwa anakaa mbali akisoma simu yake, na juzi akaomba ukurasa, akaandika Birere, avenyu na namba ya nyumba iliyoungua 2002, na majina ya majirani kumi na mmoja kwa mpangilio wa milango. Kitinda mimba naye akachukua kalamu, akaandika jina lake na chini yake "Katwe II, Makindye, Kampala". Dada yake akataka kufuta, akisema bibi hakulisema hilo. Nimemkataza asifute.

Kuna ukurasa mmoja bado una nafasi wazi. Bibi anakiita kile kijiji kilicho juu yetu kwa jina moja, na shangazi anakiita kwa jina jingine, na kila mmoja anaapa mwenzake amesahau. Kama kuna mtu wa gurupema ya Buzi huko makambini, hasa aliyezaliwa kabla ya 1960, tafadhali amwachie mhariri salamu zangu, nitampigia mimi.

Mama wa watoto wanne, Katwe